Kura 24 za Kaunti: Siku Seneti ya Kenya Ilipofungua Fundo la Mgao wa Mapato

Siku ya Alhamisi, Septemba 17, 2020, Seneti ya Kenya ilipitisha azimio la fomula ya tatu ya kugawa mapato baina ya kaunti 47, na hakuna ujumbe wa kaunti uliolipinga. Mwezi mmoja kamili kabla ya hapo, Jumatatu ya Agosti 17, ukumbi huo huo ulikuwa umekwama kabisa. Kikao baada ya kikao kilikuwa kimeahirishwa. Maseneta watatu, Cleophas Malala wa Kakamega, Steve Lelegwe wa Samburu na Christopher Langat wa Bomet, walikuwa wamekamatwa na polisi asubuhi ile ile ambapo kura ilitarajiwa. Kaunti nazo zilikuwa zimeingia mwaka mpya wa fedha bila sheria ya mgao.

Maseneta walikuwa wale wale na kaunti zile zile. Hata vigezo vya fomula, kwa sehemu kubwa, vilikuwa vile vile. Kwa hivyo anayetaka kuelewa jinsi bunge la juu linavyofanya kazi hana budi kuuliza ni nini hasa kiligeuka katika siku hizo 31. Tunavyoona sisi, hakuna upande ulioushawishi mwingine kwa hotuba. Swali lenyewe lilisukwa upya mpaka likaweza kupata kura 24, na kura 24 za kaunti ni kitu tofauti sana na wingi wa watu waliokaa ukumbini.

Kilichokuwa mezani

Kuna mambo matatu ambayo huchanganywa mno, hata na watu wanaofuatilia siasa kila siku. Mswada wa Ugavi wa Mapato huamua kiasi gani kibaki kwa serikali kuu na kiasi gani kiende kwa kaunti zote kwa jumla. Fomula huamua kila kaunti ichukue sehemu gani ya fungu hilo la kaunti. Halafu Mswada wa Mgao wa Mapato kwa Kaunti, ambao hushughulikiwa kila mwaka, huchukua fungu la mwaka husika, hulipitisha kwenye fomula na kuandika kiasi cha kila kaunti kwenye jedwali. Bila huo wa tatu, kaunti haina kiasi kilichoandikwa kisheria cha kudai.

Fomula si mswada. Kifungu cha 217 cha Katiba ya 2010 kinaipa Seneti kazi ya kuiweka kwa azimio, mara moja kila miaka mitano. Mbili za kwanza tu ndizo zilizopewa muda wa miaka mitatu mitatu na Jedwali la Sita. Kabla ya kuamua, Seneti inatakiwa kuzingatia vigezo vya Kifungu cha 203, kuomba na kutafakari mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato, kushauriana na magavana na Waziri wa Fedha, na kuualika umma na vyama vya wataalamu kutoa maoni. Azimio likipita, Spika ana siku kumi za kulipeleka Bunge la Kitaifa. Wabunge wana siku 60. Wakinyamaza, azimio linahesabiwa kuwa limeidhinishwa. Wakitaka kulibadilisha au kulikataa, wanahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Ni nadra Seneti kuwa na nguvu kiasi hicho mbele ya bunge jingine, na ndiyo maana kila upande ulijua kwamba kitakachopita hapo ndicho kitakachokaa.

Kifungu hicho hicho kina ibara moja fupi ambayo haikuzungumzwa vya kutosha mwaka ule: azimio lililokwisha kuidhinishwa huendelea kuwa na nguvu mpaka jingine liidhinishwe. Tutairudia.

Fomula ya kwanza iliipa idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti asilimia 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8, na uwajibikaji wa kifedha 2. Ya pili ilibaki na 45 kwa idadi ya watu, ikaongeza mgao sawa hadi 26, ikashusha umaskini hadi 18, ikaacha eneo kwenye 8, kisha ikatoa 2 kwa juhudi za kukusanya mapato na 1 kwa kigezo cha maendeleo. Mabadiliko yalikuwa madogo, na kaunti hazikutikisika.

Pendekezo la Tume kwa fomula ya tatu lilikuwa jengo jipya. Halikuanza kwa kuuliza kaunti ina watu wangapi. Liliuliza kaunti imepewa kazi gani na Katiba, na kazi hiyo ina uzito gani. Afya ikapewa asilimia 17, kilimo 10, miji 5, huduma nyinginezo zinazopimwa kwa idadi ya watu 18, mgao sawa 20, umaskini 14, eneo 8, barabara za mashambani 4, juhudi za mapato 2, na matumizi mazuri ya fedha 2.

Ukitazama juu juu, utaona idadi ya watu imeporomoka kutoka 45 hadi 18, na ungetarajia kaunti zenye watu wachache zifurahie. Ilikuwa kinyume. Kipimo cha afya kiliangalia mahudhurio ya wagonjwa pamoja na pengo la vituo, na kilimo kiliangalia kaya za mashambani. Vyote viwili huwafuata watu. Tena mahudhurio yana kasoro ya ndani: mgonjwa wa Marsabit ambaye zahanati iko kilomita 60 kutoka kwake hahesabiwi popote, ilhali wa Kiambu anayefika hospitalini mara nne kwa mwaka anahesabiwa mara nne. Ongeza hapo kushuka kwa mgao sawa kutoka 26 hadi 20 na umaskini kutoka 18 hadi 14, utaelewa kwa nini Wajir, Mandera, Marsabit, Garissa na Tana River zilikuwa mstari wa mbele kulalamika. Kaunti zipatazo 18 zingepokea shilingi chache kuliko mwaka uliotangulia.

Hesabu ya 24

Seneti ina maseneta 67 bila kumhesabu Spika: 47 waliochaguliwa katika kaunti, wanawake 16 walioteuliwa, vijana wawili na watu wawili wanaoishi na ulemavu. Lakini jambo likiamuliwa kuwa linahusu kaunti, idadi hiyo hutoweka. Chini ya Kifungu cha 123, maseneta wote waliosajiliwa kama wapiga kura katika kaunti moja huwa ujumbe mmoja, na ujumbe mmoja una kura moja. Anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa, ambaye ndiye kiongozi wa ujumbe, baada ya kushauriana na wenzake. Akiwa hayupo, huipiga mwenzake aliyemteua. Jambo hupita likiungwa mkono na wengi wa jumbe zote za kaunti.

Neno la kushikilia hapo ni "zote". Wingi wa jumbe 47 ni 24, hata ukumbi ukiwa nusu tupu. Jumbe 41 zikipiga kura na matokeo yakawa 23 kwa 18, hoja imeanguka, ingawa ilishinda kwa kura tano. Zikiwepo jumbe 30, unahitaji asilimia 80 ya waliopo. Zikiwepo 23, usisumbuke kupiga kengele, kwa sababu hata wote wakisema ndiyo hamtafika. Anayesusia, aliyechelewa ndegeni na aliyekaa kimya kwenye kiti chake wote wanahesabika sawa na aliyesema hapana.

Akidi ya Seneti, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiendelee, kwa upande mwingine, ni maseneta 15 tu. Hapo ndipo wageni wa bunge hupotea. Mjadala unaweza kunoga siku nzima, wasemaji ishirini wakapokezana, na bado kusiwe na uwezo wowote wa kuamua jambo. Ndiyo sababu Orodha ya Shughuli hujaa hoja zilizokwisha kujadiliwa zinazosubiri kuulizwa swali, na Spika huahirisha kura hadi siku ambayo viranja watamhakikishia kwamba jumbe zimetimia. Kiranja mzuri wa Seneti haanzi siku kwa kuuliza nani anatuunga mkono. Huanza kwa kuuliza nani yuko Nairobi.

Kuna shimo jingine. Maseneta walioteuliwa ni 20, na kaunti ni 47. Hata kama kila mmoja wao angetoka kaunti tofauti, kaunti 27 zingebaki na mtu mmoja tu katika ujumbe. Seneta wa kaunti kama hiyo akiugua, akisafiri au akizuiliwa, kaunti nzima haina kura siku hiyo. Hana wa kumteua.

Kwa nini Julai na Agosti ziligonga mwamba

Fungu la kaunti lilikuwa Sh316.5 bilioni kwa mwaka wa 2019/20, na kwa 2020/21 lilibaki pale pale. Fungu lisipokua, fomula yoyote mpya ni kumnyang'anya huyu na kumpa yule. Kambi moja ilisimama kwenye kauli ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja". Nyingine, iliyojiita Team Kenya, ilisema hakuna kaunti itakayopoteza hata senti.

Kwa karatasi, kaunti ambazo zingefaidika zilikuwa nyingi kuliko zitakazoumia, na zilitosha kuvuka 24. Viongozi wa serikali walijenga mkakati wao juu ya karatasi hiyo, na hapo walikosea hesabu. Seneta hapigi kura kama jedwali. Johnson Sakaja wa Nairobi, ambayo ilikuwa upande wa kufaidika, alikuwa miongoni mwa vinara wa Team Kenya. Siasa za vyama za mwaka ule, pamoja na hoja ya kweli kwamba ugatuzi uliwekwa ili kuziinua sehemu zilizosahaulika, ziliwavuta wengine pia. Ukiondoa watano au sita kutoka kundi la wanaofaidika, 24 haipatikani.

Team Kenya nao hawakuwa na 24. Walikuwa na za kutosha kuzuia tu. Na kwa kuwa kila marekebisho ya hoja ya aina hii nayo huamuliwa kwa kura za jumbe, mapendekezo ya maelewano yaliyoletwa, mengi yakiwa ni ya kuweka kiwango cha msingi ambacho kaunti haitashuka chini yake, yalihitaji 24 zile zile. Upande ulioona hesabu yake haijatimia uliomba mjadala uahirishwe. Ndivyo vikao vilivyopigwa danadana kutoka Julai hadi Agosti.

Katika mvutano wa namna hii, mwenye kushika mpini ni yule anayeridhika na hali iliyopo. Ibara ile tuliyoitaja iliacha fomula ya pili ikiendelea kuwa na nguvu, kwa hivyo kaunti ambazo zingepoteza hazikuwa na haraka ya kukubali chochote. Kilichowabana wote ni jambo jingine: mswada wa mgao wa 2020/21 ulikuwa umefungwa pamoja na fomula mpya, ukingoja hiyo ipite kwanza. Hapa tunasema wazi kwamba lilikuwa kosa, na lilikuwa na madhara kwa watu ambao hawakuwa na kiti katika ukumbi ule. Kisheria fomula ya pili ilikuwa hai. Jedwali la mwaka lingeweza kupigwa kwa fomula hiyo mwezi Juni, kaunti zikalipa wauguzi na kununua dawa katikati ya janga la korona, na mjadala wa fomula ukaendelea kwa nafasi yake. Mwishowe mwaka wa 2020/21 uliendeshwa kwa fomula ile ile ya zamani, baada ya miezi ya ukame ambayo haikumfaidi yeyote.

Kuhusu maseneta watatu waliokamatwa Agosti 17: vyovyote sababu zilivyoelezwa, uzito wake unaonekana ukiusoma pamoja na Kifungu cha 123. Kumzuilia kiongozi wa ujumbe siku ya kura ni tofauti na kumpunguza mtu mmoja kati ya 67. Unaweza kuwa umeifuta kaunti nzima kati ya 47. Watatu wakizuiliwa, kaunti tatu ziko hatarini kukosa sauti, na kwa kuwa hoja inahitaji 24 za jumla, pengo la kura tatu linatosha kabisa kuamua matokeo. Seneti haikuendelea na kura siku hiyo. Iliunda kamati ya watu 12, iliyoongozwa kwa pamoja na Sakaja na Moses Wetang'ula, kutafuta mwafaka. Lilikuwa jambo sahihi kufanya. Ukumbi uliokubali kupiga kura huku viongozi wa jumbe wakiwa mikononi mwa polisi ungekuwa umejifungia mlango wa kuaminika kwa miaka mingi.

Siku yenyewe

Mambo mawili yalitangulia Septemba 17. Rais Uhuru Kenyatta aliahidi nyongeza ya Sh50 bilioni kwa kaunti katika mwaka wa fedha uliofuata. Na Baraza la Magavana, chini ya Wycliffe Oparanya, lilitangaza kwamba shughuli za kaunti zingesimamishwa kuanzia Alhamisi hiyo hiyo kwa kukosa fedha. La kwanza lilileta chambo, la pili likaleta tarehe ya mwisho.

Maafikiano ya aina hii hayafanyiki mbele ya siwa. Hufanyika katika kikao kisicho rasmi ambacho wabunge wa Kenya hukiita kamukunji, pasipo Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ambapo seneta anaweza kukubali kuachia kitu bila kunukuliwa. Kinachofika ukumbini ni matokeo, yakiwa tayari yameandikwa kama marekebisho ya hoja.

Kuandika huko ndiko kazi ya makarani na mawakili wa bunge, na mara nyingi ndiko kisa kinakoponea au kuharibikia. Hoja ya msingi ilikuwa kuidhinisha ripoti ya Kamati ya Fedha na Bajeti kuhusu fomula ya tatu. Mtu hawezi tu kusimama na kusema tuongeze pesa. Marekebisho lazima yaseme ni maneno gani yafutwe na yapi yawekwe mahali pake, yakabidhiwe kwa Karani kwa maandishi, na yasitoke nje ya hoja inayorekebishwa. Hapo palikuwa na kikwazo cha kweli: azimio chini ya Kifungu cha 217 linaweka jinsi ya kugawa fungu, halina uwezo wa kuamua ukubwa wa fungu. Ukubwa huamuliwa kila mwaka na Mswada wa Ugavi wa Mapato. Njia iliyopatikana ilikuwa kuambatanisha utekelezaji na nyongeza: fomula mpya ianze 2021/22, ikiandamana na kupanda kwa fungu la kaunti kwa Sh53.5 bilioni, kutoka 316.5 hadi 370.

Kura yenyewe huenda hivi. Spika kwanza huamua kwamba jambo linahusu kaunti, ili kura iwe ya jumbe. Huagiza kengele ipigwe kwa dakika chache, na walioko kwenye korido, ofisini au mkahawani hukimbilia ukumbini. Muda ukiisha, milango hufungwa, na aliyebaki nje amebaki nje. Kila upande hutoa mhesabu kura. Karani husoma orodha. Kiongozi wa ujumbe, au aliyeteuliwa naye, husimama na kutamka kura yake kwa niaba ya kaunti. Hansadi huandika jina la seneta na kando yake jina la kaunti. Mtu akipiga kura kwa niaba ya kiongozi asiyekuwepo bila uteuzi uliofika mezani, kura hiyo ni batili, na katika hoja yenye kura 24 barabara kosa moja la barua linaweza kuangusha kazi ya miezi. Wahesabu kura huhakiki, Spika husoma idadi, na jambo limekwisha.

Mwaka ule wote vita ilikuwa juu ya nani atafika 24. Siku ile jumbe zilizokuwepo zote zilisema ndiyo.

Ndani ya hesabu

Sasa tuangalie kilichofanya kaunti zilizokuwa zikivutana ziseme ndiyo pamoja. Wengi husema "waliongezewa pesa", na ni kweli, lakini nyongeza peke yake isingetosha. Sh53.5 bilioni zikipitishwa kwenye fomula iliyokuwa ikibishaniwa zingeziacha baadhi ya kaunti za kaskazini bado chini ya kiwango chao cha awali. Kilichookoa ni muundo.

Kila kaunti ilihakikishiwa kwanza nusu ya kile ilichopata 2019/20. Nusu ya 316.5 ni Sh158.25 bilioni, hizo zimefungwa, hazibishaniwi. Kinachobaki katika fungu la 370 ni Sh211.75 bilioni, na hizo tu ndizo zinazopitia kwenye vigezo vipya: mgao sawa asilimia 20, idadi ya watu 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, eneo 8, barabara 8, miji 5. Linganisha na pendekezo la Tume. Juhudi za mapato na matumizi mazuri ya fedha, asilimia 2 kwa 2, vimeondolewa, na asilimia hizo nne zikaenda kwa barabara, zikaifikisha 8. Kaunti pana zenye barabara mbovu zilipata hapo kitu ambacho kigezo cha afya kilikuwa kimezinyima.

Chukua kaunti ya mfano iliyokuwa ikipata Sh8 bilioni kati ya 316.5, yaani takriban asilimia 2.53 ya fungu. Nusu yake, Sh4 bilioni, iko salama. Ili isipoteze, vigezo vipya vinatakiwa kuiletea Sh4 bilioni nyingine kutoka kwa 211.75, ambayo ni asilimia 1.89 tu. Kama fungu lingebaki 316.5, sehemu ya kugombaniwa ingekuwa 158.25, na kaunti hiyo ingehitaji asilimia 2.53 ile ile ya zamani. Ikishuka kidogo tu, imepoteza. Gawanya 158.25 kwa 211.75 utapata 0.747. Kwa hiyo uzito wa kaunti katika vigezo vipya ungeweza kupungua kwa karibu robo moja, hadi kama robo tatu ya ulivyokuwa, na bado kaunti isipungukiwe hata shilingi kwa kulinganisha na 2019/20. Wakati huo huo kaunti yenye watu wengi iliona uzito wake ukipanda na ikapata nyongeza halisi. Mgao sawa peke yake, asilimia 20 ya 211.75, ni Sh42.35 bilioni, ukizigawa kwa 47, kila kaunti, iwe Lamu au Nairobi, inapata karibu Sh901 milioni kabla kitu kingine hakijahesabiwa.

Tunaikazia hesabu hii kwa sababu ndiyo iliyokuwa lugha ya kweli ya maafikiano. Kambi ya "shilingi moja" ilipata kanuni yake: vigezo vipya viliingia. Team Kenya ilipata sharti lake kwamba hakuna anayepungukiwa. Hakuna aliyelazimika kusimama nyumbani kwake akaeleza kwa nini hospitali ya kaunti imepoteza pesa.

Baada ya kengele

Mara azimio lilipopita, mswada wa mgao wa 2020/21 ulipata njia, ukitumia fomula ya pili. Mswada huo una hadhi ya mswada maalum, ambao Bunge la Kitaifa haliwezi kuubadilisha au kuukataa bila thuluthi mbili, kwa hivyo Seneti ikishakubaliana haukai sana.

Kasoro mbili zilibaki, na zinastahili kusemwa. Ya kwanza ni kuondolewa kwa vigezo vya mapato na matumizi. Ndiyo, vilikuwa asilimia nne tu na upimaji wake ulikuwa na utata, lakini vilikuwa ndivyo pekee vilivyoizawadia kaunti kwa kitu ilichokifanya yenyewe. Kaunti inayokusanya ushuru wake vizuri na ile inayouacha upotee sasa zilitazamwa kwa jicho moja.

Ya pili ni nzito zaidi. Nyongeza ya 53.5 ilikuwa sharti la kisiasa ndani ya azimio ambalo halina mamlaka juu ya ukubwa wa fungu. Mwaka wa kwanza ahadi ilitimia: fungu la 2021/22 lilikuwa Sh370 bilioni. Mwaka wa 2022/23 likabaki 370 vile vile, bila kuongezwa hata kufidia kupanda kwa bei. Likafika 385.425 mwaka wa 2023/24, kisha 387.425 mwaka wa 2024/25 baada ya kiasi cha juu zaidi kilichokubaliwa awali kukatwa kufuatia kuondolewa kwa Mswada wa Fedha wa 2024. Nusu ya 2019/20 haikuwa na kifungu cha kuipandisha; ilibaki Sh158.25 bilioni miaka yote hiyo. Katika fungu la 370 ilikuwa asilimia 42.8 ya pesa zote, na katika lile la 387.425 ilikuwa imeshuka hadi 40.8. Fungu lilipokua, hata kwa kusuasua, ukuta uliojengwa Septemba 17 kuzilinda kaunti za kaskazini ulipungua unene mwaka baada ya mwaka, na sehemu iliyogawanywa kwa vigezo vya afya, kilimo na idadi ya watu ikazidi kuwa pana.